Lemuel Poole na Aya ya Tisa

Hapa kanisani Mount Nebo wasifu wa marehemu hausomwi kwa sauti. Programu huandikwa "Wasifu: kila mtu asome kimya", kinanda kikapigwa polepole, watu wakainamisha vichwa, na aliyesahau miwani akamnong'oneza jirani amwambie marehemu alikuwa na miaka mingapi. Lakini Profesa Lemuel Gadsden Poole aliacha neno kwamba wake usomwe kwa sauti, tena usomwe na dada yake, Arnetta Poole Simms, mwalimu mstaafu, umri miaka themanini na mmoja, ambaye ndiye aliyeuandika na ndiye aliyesimama mbele yenu. Aliacha na swali. Alitaka dada yake aseme, mbele ya watu wa Kaunti ya Ashlow, kama katika ile kesi ya shule ya mwaka 1969 yeye alifanya sawa au alikosea. "Usinijibu sasa," alimwambia. "Nijibu siku ya mazishi, nikiwa siwezi kukubishia." Leo ni Jumamosi, tarehe 18 Oktoba 2014, siku yenyewe imefika, na mwandishi anakiri kwamba hata alipokuwa akivaa kofia yake asubuhi alikuwa bado hajui atasema nini. Mchungaji ametoa dakika tano. Mchungaji atavumilia.

Lemuel alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Februari 1936, nyumbani, Barabara ya Old Mill, Kaunti ya Ashlow, Georgia. Alikuwa mtoto wa mwisho wa Mzee Isaiah Poole, mwashi wa matofali, na Bi Hattie Gadsden Poole, aliyefua na kupiga pasi nguo za nyumba nne za wazungu kila wiki. Kati yake na Arnetta alikuwapo Isaac, ambaye hakumaliza mwezi. Kwa sababu hiyo Lemuel alidekezwa, na asiwepo wa kubisha. Nyumbani mwetu mtoto akikosa alitumwa kichakani akakate mwenyewe fimbo atakayochapwa nayo. Akiwa na miaka sita Lemuel alikula pichi za jirani, akatumwa fimbo, akarudi nayo, nzuri kabisa, imechongwa. Akampa baba, kisha akasema, "Baba, kabla hujanichapa, naomba nisomewe kosa langu tena, maana kuna sehemu sikuelewa." Baba alikaa chini kwa kicheko. Arnetta naye alicheka, na kwa kuwa fimbo ilikuwa imeshaletwa na haikufaa ipotee bure, aliyechapwa kwa utovu wa adabu ni Arnetta. Simulizi hii marehemu aliipenda mno na aliisimulia hata mbele ya majaji. Dada yake hajawahi kuona inachekesha wapi.

Alisoma Shule ya Pine Chapel tangu 1942 hadi 1953. Wazee mliomo humu hamhitaji kuelezwa, ila kuna vijana. Ilikuwa shule yetu, ya weusi, na kaunti haikuipa kitu kipya ila chaki. Vitabu vilikuja kutoka shule ya wazungu vikiwa vimekwisha kuandikwa majina ya wenyewe ndani ya jalada. Jukwaa la ukumbi wazazi walilijenga kwa kuuza sahani za samaki wa kukaanga kila Ijumaa, miaka miwili. Lakini walimu, jamani. Bi Odella Pinkney alikuwa akimtembelea mzazi nyumbani kabla mtoto hajafika kutoka shule, ili mtoto akifika akute habari zake zimemtangulia. Yeye ndiye aliyemkuta Lemuel, darasa la tano, akiwauzia wenzake hoja za kumwambia mwalimu kwa nini hawakufanya kazi ya nyumbani. Hakumchapa. Alimpa kamusi yake mwenyewe, akamwambia, "Ukitaka kubishana, bishana kwa maneno yaliyonyooka."

Akawa wa kwanza katika darasa lake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tulimsifu sana, lakini haki isemwe, tembo lake halikuingia maji kwa miaka mingi. Alipokwenda chuo Atlanta, kila mwalimu wa Pine Chapel alitia kitu ndani ya sanduku lake: shuka, wino, soksi, Biblia. Arnetta alimshonea mashati mawili. Kutoka Atlanta alikwenda kusomea sheria Chuo Kikuu cha Howard, kule Washington, akamaliza mwaka 1961. Arnetta wakati huo alikuwa amerudi Pine Chapel kufundisha darasa la nne. Alikuwa na shahada ya pili kutoka New York, kwa maana jimbo la Georgia liliona heri limlipie mtu mweusi nauli ya kwenda mbali kuliko kumwachia aingie chuo kilichokuwa karibu na nyumbani kwake.

Alifanya uwakili Atlanta kuanzia 1961 hadi 1970, yeye na wenzake wawili na mashine moja ya kuandikia. Alizunguka kusini nzima ya Georgia kwa gari lililokuwa na mlango mmoja tu unaofunguka. Alilala kwenye makochi ya watu, akala garini, na mara mbili alifukuzwa kwa bunduki. Kupiga kura, kukaa kwenye mahakama kama mzee wa baraza, kutibiwa hospitali: kila kesi aliyoipata aliibeba. Mwaka 1966 wazazi wa hapa walimwita nyumbani. Walitaka watoto wao waingie shule ya wazungu, yenye maabara na paa lisilovuja. Familia ishirini na saba zilitia sahihi. Walimu walikuwa wameonywa kwamba mwalimu atakayeonekana kwenye karatasi hiyo asihesabu kazi. Arnetta aliandikisha bintiye Lorraine kwa jina la ukoo wa mumewe, Hosea Simms, kwa kuwa shuleni yeye aliitwa bado Mwalimu Poole, akaomba Mungu wasigundue ni mama na mwana.

Kesi ilikwenda miaka mitatu. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo swali la marehemu lilipo. Jumatatu, tarehe 14 Julai 1969, pande mbili zilikutana katika korido ya mahakama ili waandike makubaliano. Lemuel alikuwa ameyaandaa kwa mkono wake, aya kumi na nne. Aya ya tisa ilisema kwamba shule zikiunganishwa, walimu wote, weusi kwa weupe, wataendelea na kazi zao kwa cheo kilekile. Wakili wa kaunti alisoma yote, akarudisha karatasi, akasema, "Ondoa ya tisa, tunatia sahihi leo. Ukiiacha, tutaonana mahakamani miaka miwili mingine." Shule zilikuwa zinafunguliwa Agosti. Watoto mia sita na kumi na mmoja walikuwa wanangoja. Lemuel alichukua kalamu akaikata aya ya tisa kwa mstari mmoja. Kwa maelezo yake mwenyewe, ilichukua dakika nne.

Jioni ile kengele ya kanisa hili ilipigwa mpaka kamba ikakatika. Wanawake walipika bila kuambiwa. Arnetta alikata keki, akamtilia mdogo wake kipande cha kwanza, naye akala, akaomba kingine.

Barua zilifika wiki ya kwanza ya Agosti. Halmashauri ya shule ilikuwa imeamua kuifunga Pine Chapel na kuwahamisha watoto wote. Walimu walikuwa kumi na wawili. Kumi waliandikiwa kwamba mikataba yao haitaendelezwa. Mmoja alihamishwa kufundisha mazoezi ya viungo. Mwalimu mkuu alibakizwa, akapewa kusimamia ratiba ya mabasi, na hakuingia tena darasani mpaka alipokufa. Vikombe vya michezo, picha za wahitimu, bendera, vyote vilitupwa jalalani. Roosevelt Teague, ambaye leo ni mwenyekiti wa chama cha wahitimu wa Pine Chapel na wakati ule alikuwa nahodha wa mpira wa kikapu, aliingia jalalani na suruali yake ya kanisani akakitoa kikombe kimoja. Kipo hadi leo kwenye duka lake la kinyozi, kimekunjika sikio.

Bi Pinkney alihamia kwa mpwa wake Detroit akafia huko, akilea watoto wa watu. Arnetta aliingia kiwanda cha mashati. Kola, siku nzima kola, miaka mitano. Mwaka 1974 shule iliyounganishwa ilimwita arudi, akaja mbio na vyeti vyake ndani ya bahasha, kumbe ni kazi ya msaidizi wa mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mpole, aliyemwuliza siku ya kwanza, "Arnetta, hivi watoto unawanyamazishaje?" Akamfundisha. Angefanya nini?

Na hapohapo, chini ya paa lilelile, Lorraine alikuwa akisoma kemia kwenye maabara yenye bomba za gesi na mizani ya vioo. Mwaka wa kwanza walimmwagia wino mgongoni mara nyingi hata mama akaacha kumvalisha nyeupe. Lakini alisoma. Leo ni mfamasia mjini Macon, mwenye duka lake, na amekaa pale mstari wa pili. Kesi moja ilimpa binti maabara na ikamnyang'anya mama darasa. Mwandishi amejaribu kuipima kwa kila namna anayoijua, na hajaweza.

Camille, binti wa marehemu, ananionyesha kwa jicho kwamba ndoa imerukwa. Haijarukwa, inakuja. Lemuel alifunga ndoa tarehe 8 Juni 1963, New Orleans, na Marguerite Baptiste, mwalimu wa muziki, Mkatoliki, mwanamke aliyejua thamani yake. Alipoletwa Ashlow kwa mara ya kwanza aliwekewa uji mzito wa mahindi wenye sukari, maana Bi Hattie ndivyo alivyoupika. Marguerite akaonja, akaweka kijiko chini, akauliza kwa adabu kama nyumba hii ina chumvi. Lemuel, wakili wa haki za watu wote, alitazama dirishani. Hakumtetea mama, hakumtetea mke. Walikaa katika ndoa miaka arobaini na sita, wakapata binti mmoja, Camille, na Marguerite alifariki mwaka 2009. Baada ya hapo Lemuel aliacha kufunga tai vizuri.

Mwaka 1971 aliitwa kufundisha sheria katika chuo kikuu kimoja cha kaskazini, na huko ndiko jina lake lilikokua. Mwaka 1978 aliandika makala aliyoiita "Aya ya Tisa". Watu wa vyuo wanasema hakuna mwanafunzi wa sheria nchini, anayejali haki za watu, ambaye hajaisoma. Alisema humo kwamba wakili wa haki huingia kortini na wateja wake wote lakini akifika kwenye korido hubaki na yule mwenye haraka tu. Alisema kila ushindi una mtu aliyeulipia ambaye hakuulizwa, na kwamba kabla ya kutia sahihi wakili ana wajibu wa kumtafuta mtu huyo kwa jina. Mawakili wengi leo, wa ardhi, wa magereza, wa viwanda, wana desturi ya kusimama kabla ya sahihi na kuulizana, "Nani yuko kwenye aya ya tisa?" Mkuu wa kitivo chake, aliyeketi hapa mbele, atawaeleza vizuri zaidi katika dakika zake mbili. Ni mbili kweli.

Basi mtaona ajabu yake. Nchi nzima ilijua. Hapa Ashlow hatukujua, maana nani hapa alikuwa akiletewa jarida la sheria? Sisi tulidhani aya haikuwapo kamwe. Tulidhani wazungu walitufanyia tu kama kawaida yao. Arnetta alikuja kujua Machi 1991, siku alipobisha hodi msichana wa chuoni, Rebecca, na kinasa sauti mkononi.

"Shikamoo bibi. Samahani, wewe ndiye A.P.S. wa tanbihi ya sitini na moja?"

"Mwanangu, mimi nimeitwa mengi katika kaunti hii. Tanbihi bado. Ingia, utapigwa na baridi."

Rebecca alidhani bibi anajua. Akamwekea makala mezani. Chini ya ukurasa, kwa herufi za kusoma na miwani miwili, yalikuwa majina ya walimu kumi wa Pine Chapel, kila mmoja na miaka aliyofundisha. La mwisho halikuandikwa kamili, ni herufi tatu tu, A.P.S. Na sentensi moja: "Simu ya umma ilikuwa ukutani, hatua sita kutoka nilipoketi, na sikupiga." Msichana alieleza kwamba wahariri walitaka kuiondoa tanbihi ile kwa urefu wake, na Profesa akawaambia watachapa pamoja nayo au hawatachapa kabisa. Alidhani anamfurahisha bibi.

Arnetta alimpa chai, akamwelekeza njia ya kutokea, akampigia mdogo wake.

"Lemuel. Umeweza kuiambia Marekani nzima. Namba yangu hukuwa nayo?"

"Dada, niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nina futi tano."

"Ndizo hizohizo."

Arnetta alikata simu. Tangu hapo, miaka ishirini na mitatu, walizungumza kila Jumapili saa kumi bila kukosa, na walizungumza habari za mvua. Hakuna wakati hata mmoja mvua ya Georgia ilijadiliwa kwa kina namna ile.

Mwaka 2012 figo za marehemu zilianza kushindwa. Mei mwaka huu, akiwa na miaka sabini na minane, alimwambia Camille anataka kurudi Ashlow. Hakumwuliza Arnetta. Alifika na masanduku mawili ya nguo na kumi na moja ya vitabu, akasimama barazani akasema, "Dada, una nafasi?" na dereva alikuwa ameshaanza kushusha. Alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki kule mjini, muda wa saa nne kila mara, na Arnetta alikaa naye akishona. Ni katika kiti kile cha kusafishiwa damu, tarehe 16 Septemba, ndipo alipoanza.

"Arnetta, wasifu wangu uandike wewe."

"Una maprofesa wangapi? Waandike wao."

"Wao wataandika kwamba nilijuta. Kujuta kwangu kumewalisha wengi, pamoja na mimi mwenyewe. Nilipewa kiti cha uprofesa kwa kujuta. Nimealikwa nchi ngapi kwenda kujuta. Mimi nataka mtu aseme kama nilikosea."

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nikifika kwa Lorraine, sikukosea. Nikifika kwa Bi Pinkney, nimekosea. Miaka yote nakwenda na kurudi. Sijui, dada. Kweli sijui. Wanafunzi wanadhani najua."

Arnetta hakuwahi kumsikia mdogo wake akisema hajui. Alishona mishono mitatu, akaona ameshona shati kwenye sketi yake mwenyewe. Ndipo Lemuel akasema asimjibu sasa.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2014, saa kumi jioni, katika chumba cha nyuma nyumbani kwa dada yake, redio ikitangaza hali ya hewa. Alikuwa ameomba mto wa pili. Arnetta alikwenda kuuleta, na aliporudi haukuhitajika.

Wiki hii ya msiba nyumba imejaa watu na sufuria. Wale waliokuwa wakimwita msaliti tangu habari ya makala ilipowafikia ndio walioleta pai za viazi vitamu nzuri kupita zote, mtu akashindwa kuelewa anakula pai ya mapenzi au ya hatia. Jumanne Camille alikuja na sentensi aliyoiandika kwa ajili ya programu: "Alifungua milango ya shule kwa kila mtoto wa Ashlow." Roosevelt Teague alikuwa mezani na sahani ya sukuma wiki.

"Mwalimu," akamwambia Arnetta, maana alikuwa mwanafunzi wake, "hiyo ikisomwa, sisi wa Pine Chapel tunasimama tunatoka. Kwa heshima zote. Mlango wetu aliufunga."

"Kaka Teague, baba alipigwa risasi mara mbili kwa ajili yenu," Camille akasema.

"Walimkosa mara mbili. Mimi sikatai. Lakini mimi nilihitimu katika shule ambayo hakuna mtu alijua jina langu, binti. Nilikuwa nahodha nikaenda kukaa benchi. Mwanangu je, alifundishwa na mwalimu mweusi mara ngapi? Mara moja. Mazoezi ya viungo."

"Na wewe ulitaka nini? Paa livuje mpaka leo?"

Teague aliweka uma chini. "Sijui nilitaka nini," akasema. "Nilitaka vyote viwili."

Camille akageuka. "Shangazi, sema basi. Baba alifungua au alifunga?"

Shangazi alisema sukuma wiki inapoa. Sentensi haikuingia katika programu, na pale ilipopaswa kuwapo mtaona nafasi tupu. Mpiga chapa alidhani ni kosa lake akaomba radhi.

Sasa jibu. Kama halitoshi, si Arnetta aliyeuliza swali.

Kuipeleka kesi Lemuel hakukosea. Waliotia sahihi walitaka, na waliotaka walikuwa na haki, na mwandishi ni mmoja wao. Kuikata aya ya tisa, mwandishi hajui. Amekwenda na kurudi kama alivyokwenda marehemu, akachoka kama alivyochoka. Pengine miaka miwili zaidi ingeleta makubaliano bora, pengine ingeleta jaji mbaya na Lorraine angekuwa leo anashona kola. Anayejua hilo na asimame, na wasio na hakika wabaki wameketi.

Naona mmeketi.

Lakini ile simu ilikuwa hatua sita. Hilo dada yake analijua, halina pande mbili. Angepiga, Arnetta angepokea, maana ilikuwa likizo na alikuwa nyumbani akimenya pichi. Angemsikiliza. Angelia, na angemwita mdogo wake jina ambalo halitamkwi humu ndani. Angeuliza, "Na Bi Pinkney je?" Kisha angewaza wale watoto mia sita na kumi na mmoja, ambao theluthi nzima aliwafundisha yeye kusoma, na angesema, "Kata, Lem. Waingie." Dada yake ana hakika na hilo kuliko anavyolijua jina lake. Na angezunguka nyumba hata nyumba kuwaambia wale wengine tisa, na angalau sita wangesema vivyo hivyo, maana ndivyo walivyokuwa. Ndio waliomjazia sanduku.

Kwa hiyo alikosea hapo. Hakukosea kwa kumwondolea dada yake darasa. Alikosea kwa kudhani dada yake hangeweza kulitoa. Alichukua gizani kitu ambacho angepewa mchana, na miaka arobaini na mitano Arnetta amekuwa mtu aliyeibiwa, naye alikuwa tayari kuwa mtu aliyetoa.

Kama huku ni kusamehe, mwandishi hajui. Moyoni hakuna kinachoelekea kupoa. Jumapili iliyopita saa kumi alijikuta ameshika simu, mvua inanyesha, akaiweka chini.

Profesa Lemuel Gadsden Poole ametanguliwa na wazazi wake, kaka yake Isaac, na mkewe Marguerite. Ameacha binti yake Camille na wajukuu wawili, Julien na Simone. Mpwa wake Lorraine na watu wa nyumbani kwake. Wanafunzi wa sheria ambao Arnetta ameacha kuwahesabu. Walimu wawili wa Pine Chapel walio hai, ambao wameketi mstari wa mbele kwa kuwa dada yake ameamuru hivyo. Na dada mmoja, Arnetta, ambaye bado ana hasira naye, na hajui kuanzia kesho hasira hiyo ataipeleka kwa nani.

Mungu ampokee, ampe usingizi mzuri. Na kama huko nako atakuwa na swali, safari hii Yeye ndiye amjibu.